Okestra ya Taifa na Tarumbeta la Baba Mdogo

Ndugu msomaji, mimi nimekulia Makambako, na pale Makambako tulimjua kondakta wa aina moja tu: yule anayening'inia mlangoni mwa basi akiita "Njombe, Songea, Njombe!" huku noti amezikunja katikati ya vidole. Kwa hiyo siku mwalimu wetu alipotueleza kwamba huko Ulaya kondakta ni mtu anayesimama mbele ya wapiga vyombo themanini au mia moja, kijiti mkononi na mgongo ameugeuzia wasikilizaji, darasa zima liliangua kicheko. Mshikaji mmoja wa dawati la nyuma akauliza nauli ni shilingi ngapi.

Okestra nayo tulidhani tunaijua. Si Mlimani Park Orchestra? Si Orchestra Maquis Original, au Orchestra Safari Sound? Majina hayo tuliyasikia majumbani, redio ilipopiga nyimbo za zamani siku za Jumapili na wazee wakaacha kugombana. Mwalimu akatikisa kichwa. Hizo ni bendi za dansi, akasema. Okestra yenyewe, okestra ya taifa, Tanzania hatuna.

Jioni ile nilimpelekea baba mdogo habari hiyo kama kichekesho. Nilimkuta jikoni karibu na moto, blanketi begani, maana Juni ya kwetu si ya mchezo. Nikamwamkia, nikasimulia. Yeye hakucheka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwambie mwalimu wako, mimi nimepiga tarumbeta kwenye okestra ya taifa miaka kumi na minne. Kadi ya kazi ninayo."

Akaenda chumbani, akarudi na kadi. Ilikuwa ya shirika moja la umma la Dar es Salaam ambalo sitalitaja hapa. Picha ya ujana wake, nywele za afro, shati la kola ndefu. Chini ya picha kimeandikwa cheo: Karani Msaidizi. Nikasoma mara mbili. Hapakuwa na neno tarumbeta wala neno muziki. Nikaona haya kumwuliza. Nikamrudishia kadi yake kwa mikono miwili, basi, yakaishia hapo.

Makala hii ni jaribio la kujibu swali nililoshindwa kumwuliza. Nani alisema kweli, mwalimu au baba mdogo? Mimi si mwanahistoria. Nimeishia Kidato cha Nne, na matokeo yangu hayatajwi mbele ya wageni. Lakini miaka niliyokaa dukani kwa mama karibu na stendi ilinipa muda mwingi wa kusoma na kuuliza wazee, na haya ndiyo niliyoyapata.

NJIA MBILI ZA UHURU

Tuanze na kitu chenyewe. Okestra ya simfoni ni kundi kubwa la vyombo vya jamii nne. Kuna vya nyuzi, kama fidla, chelo na besi kubwa. Kuna vya kupuliza vya mbao, kama klarineti. Kuna vya kupuliza vya shaba, ndiyo matarumbeta na tromboni. Halafu kuna vya kugonga, yaani ngoma na matoazi. Okestra mbili mashuhuri, ya Vienna na ya New York, zote zilianza mwaka 1842. Watu wengi namna hiyo hawawezi kupiga kitu kikaeleweka kwa kukutana Jumamosi tu baada ya kazi. Wanataka mazoezi ya kila siku, ukumbi, vyombo vya bei mbaya, na mshahara. Kwa hiyo ukichungulia nyuma ya okestra, karibu kila mara utakuta mfuko wa mtu: mfalme, mji, matajiri au serikali.

Nchi za Afrika zilipojitawala, swali likawa moja. Uhuru huu upigiwe vyombo gani?

Ghana walijibu mapema. Walipata uhuru mwaka 1957, na mwaka 1959 serikali ya Kwame Nkrumah ikaunda Okestra ya Simfoni ya Taifa. Kazi hiyo alipewa Philip Gbeho, yule yule aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wao. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mtu wa mtaani: anachokiweza Mzungu, Mwafrika naye anakiweza, tena na nyimbo zake mwenyewe atazitia humo.

Huku kwetu mambo yakashika njia nyingine. Jirani zetu Kenya walikuwa na Nairobi Orchestra tangu 1947, lakini hiyo ilizaliwa zama za walowezi. Tanganyika, mkoloni alichotuachia ni bendi za shaba za askari, za kupigia gwaride. Na watu wetu hawakungoja kupewa. Tangu miaka ya 1890 watu wa pwani walikuwa wameshaitazama bendi ya Mzungu, wakaiga, wakatengeneza ngoma yao iitwayo beni, yenye vyeo na sare na mashindano, ambayo ilienea hadi bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina lenyewe, beni, ni hiyo hiyo bendi imevaa kanzu.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwasema wasomi, na yeye mwenyewe akiwamo. Alisema tumefundishwa kucheza rumba na chachacha na dansi za Kizungu, hali wengi wetu hatujawahi hata kuisikia gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Tunaopiga gitaa na kinanda tupo, lakini wasomi wangapi wanajua kupiga ngoma? Hivyo pesa kidogo zilizokuwepo hazikwenda kununua fidla. Kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mmoja wa watu wa Bagamoyo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Huyu alikwenda Ulaya na Japani akiwa na zeze na ilimba, na kumbi zikajaa.

Mpaka hapa mwalimu wangu ameshinda. Nkrumah alijenga okestra, Nyerere akajenga ngoma. Lakini kuna upande wa tatu, nao ndio uliomchukua baba mdogo.

SERIKALI INAAJIRI MPIGA GITAA

Watu wa mjini walikuwa wanataka dansi, na dansi lilikuwepo kabla ya uhuru. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944. Hizo zilikuwa bendi za vyama. Wanachama walichanga senti, wakanunua vyombo, mpigaji mwenyewe mchana ni fundi cherehani au karani wa bandari.

Mwaka 1964 mambo yakabadilika. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari, serikali ililivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja, NUTA. Mwaka huo huo NUTA ikaanzisha bendi yake. Vyombo ni mali ya chama, na mpiga muziki ni mwajiriwa mwenye mshahara mwisho wa mwezi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtu analipwa na chama cha wafanyakazi ili apige gitaa! Mmoja wa walioingia mwaka huo alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, ambaye sauti yake ilidumu katika dansi la Tanzania karibu nusu karne. Alifariki Aprili 2014.

Mtindo huo ukaigwa kila mahali. Polisi wakawa na bendi ya dansi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, Jeshi la Wananchi. Umoja wa Vijana wa TANU wakaanzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Hata teksi zilikuwa na bendi: Mlimani Park Orchestra ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Sasa rudi kwenye vile vigezo vya okestra nilivyovitaja. Mshahara upo. Mazoezi ya kila siku yapo. Vyombo vya bei mbaya vinanunuliwa na mwajiri. Sare zipo, ziara za mikoani zipo. Kinachokosekana ni fidla tu. Na fidla nazo zilikuwepo ng'ambo ya maji. Unguja, Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905 na Culture Musical Club 1958, na ukiwaona wakiwa jukwaani utakuta safu ya fidla, chelo, besi kubwa, udi na kanuni, wote katika taarabu moja. Huko hakuna mtu aliyesubiri Vienna.

Bado kuna kazi moja kubwa ya okestra ya taifa, nayo ni kusikika taifa zima. Hiyo ilifanywa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio ya RTD, zikarekodi kwenye kanda, kanda zikapigwa hewani. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, santuri zilichapwa Nairobi, kwa hiyo kwa mtu wa kawaida redio ndiyo ilikuwa ukumbi. Ukumbi huo ulifika Makambako, ulifika Njombe, ulipanda mpaka Ukinga kwenye baridi ya kugandisha maji.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akizungumza Kibena tangu asubuhi mpaka usiku. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Lakini nyimbo za NUTA alizijua mstari kwa mstari, na maneno asiyoyajua alimwuliza babu. Nchi yetu ni ya Wabena, Wakinga, Wapangwa na wengine, na zamani kila mmoja alikuwa na ngoma yake. Wimbo wa kwanza walioujua wote kwa pamoja, nje ya zile za kanisani, ulitoka kwenye bendi ya dansi. Mwalimu wa historia anaweza kuliita jambo hilo ujenzi wa taifa. Bibi aliliita redio.

KUTOKA KANISANI MPAKA DAR

Sasa baba mdogo aliingiaje humo, mtoto wa mkulima wa Ubena? Aliingia kwa mlango wa kanisa.

Wamisionari wa Berlin walifika Ubena mwishoni mwa karne ya 19. Walileta Biblia, shule na dawa, na baadaye ikaja pia desturi ya Walutheri wa Ujerumani ya kupiga nyimbo za kanisa kwa vyombo vya shaba, sauti nne, kama kwaya isiyo na maneno. Desturi hiyo haikuondoka nao. Mpaka leo ukipita sharika za Kilutheri za Njombe utayasikia matarumbeta harusini, mazishini na alfajiri ya Pasaka, ukungu ukiwa bado umelalia chini na wapigaji wamevaa makoti mazito.

Baba mdogo alishika tarumbeta akiwa na miaka kumi na mmoja. Alijifunza nota kabla hajajua vizuri kugawanya kwa tarakimu mbili. Mwaka 1979 akapanda treni ya TAZARA pale pale stesheni ya Makambako. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ilikabidhiwa mwaka 1976, na kipande cha Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho zaidi waliojenga, kwa mahandaki na madaraja yake. Yeye alikiteremka na kibegi kimoja. Tarumbeta lenyewe lilikuwa mali ya usharika, akaliacha. Alichobeba ni mdomo wake tu, kile kipande kidogo cha shaba cha kuwekea midomo, alichopewa na mzee aliyemfundisha.

Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyopata kazi. Walikuwa vijana sita kwenye foleni. Kiongozi wa bendi akapiga sauti moja ndefu kwenye gitaa, akawaambia wairudishe. Watano waliirudisha kwa masikio. Baba mdogo aliomba karatasi, akaiandika, akageuza karatasi, akaandika na sauti ya pili ya kuifuata. Akaambiwa aje Jumatatu.

Jumatatu ofisini pakawa na tatizo. Katika orodha ya mishahara ya shirika palikuwa na safu ya madereva, ya walinzi, ya makarani na ya wahasibu. Safu ya wanamuziki haikuwepo. Wakaangalia nafasi gani iko wazi. Ndiyo hiyo: Karani Msaidizi. Kila mwezi alitia saini kama karani, na kila wikiendi alipuliza tarumbeta mbele ya mamia ya watu.

Mwaka 1984 bendi yao ilikuja Njombe katika ziara. Bibi, mzee wa kanisa, alikataa katakata kuingia ukumbini. Lakini watu wa nyumbani wanasema alisimama nje kwenye giza, amejifunika kitenge mara mbili, mpaka tarumbeta liliponyamaza saa saba usiku. Kesho yake hakumsema mwanawe neno. Alimpa debe la viazi apelekee wenzake.

KUFULI

Ndugu msomaji, mwisho wa hadithi hii wengi mnaujua kwa sababu nyumba nyingi zina mtu wa namna hii. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa au yalifungwa. Bendi zilizokuwa zimeegemea mashirika zikaanguka nayo. Ile ya NUTA ilikuwa na bahati. Ilikuwa imeshabadilishwa jina kuwa JUWATA, mwaka 1991 ikawa OTTU, na baadaye ikasimama kwa miguu yake kama Msondo Ngoma. Wengine hawakupata hata muda wa kuagana.

Mwaka 1993 baba mdogo alifika mazoezini asubuhi akakuta kufuli kwenye stoo ya vyombo. Tarumbeta alilolipuliza miaka kumi na minne lilikuwa ndani, na hakuwahi kuliona tena. Mafao yalihesabiwa kwa mshahara wa karani msaidizi. Alirudi Makambako kwa treni ile ile, kibegi kile kile, mdomo wa tarumbeta ndani ya soksi. Akaanza biashara ya viazi, akaongeza mbao.

Mwaka uliofuata, 1994, redio za binafsi zikaanza kusikika, Radio One ikiwa mojawapo, na vijana tukapata muziki wetu. Sitaki kuulaumu. Mimi mwenyewe nimelelewa na bongo fleva na ninaipenda. Ninachosema ni kwamba okestra ya aina ile ilivunjwa bila mtu kusema kwamba kuna okestra inavunjwa. Kwenye karatasi walikuwa makarani, madereva na wafanyakazi wa kiwandani waliopunguzwa kazi. Ghana, okestra yao hata ikikosa pesa ina jina la kulalamikia. Sisi jina hatukuwa nalo. Kanda za RTD zilizobaki, ambazo sasa ziko TBC, ndiyo ushahidi mkubwa tulionao kwamba watu wale walifanya kazi.

KINSHASA WALIANZA NA NINI?

Mwaka huo huo wa 1994, wakati baba mdogo anajifunza bei ya gunia, kitu kingine kilikuwa kinazaliwa Kinshasa. Nilikijua kupitia filamu moja ya mwaka 2010 iitwayo Kinshasa Symphony, niliyoitazama kwenye simu ya rafiki yangu, kioo kimepasuka.

Armand Diangienda alikuwa rubani wa ndege, akapoteza kazi. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Katika kanisa la Kimbangu, Diangienda akaunda okestra ya simfoni. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, wakawa wanapokezana: mmoja anapiga kidogo, anampisha mwenzake. Wengi walijifundisha wenyewe. Waya wa fidla ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Umeme ukikatika mazoezini waliendelea gizani. Kwa njia hiyo walifika kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, na kuzunguka nchi za Ulaya.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kanisa lile lilikuwa na bendi ya vyombo vya shaba tangu zamani. Yaani walianza pale pale alipoanzia baba mdogo. Matarumbeta ya kanisani yalikuwepo kwanza, fidla zikafuata.

Oman nao, ambako wako watu wengi wenye ndugu Zanzibar na wanaozungumza Kiswahili mpaka leo, walianza bila kitu. Mwaka 1985 Sultani Qaboos aliamuru iundwe okestra ya simfoni. Hapakuwa na Mwomani wa kuipiga, kwa hiyo walikusanywa vijana wadogo, wa kiume na wa kike, wakafundishwa kuanzia jinsi ya kushika chombo. Mwaka 1987 walifanya onyesho lao la kwanza.

Kwa hiyo mfuko unaweza kuwa wa sultani, wa serikali au wa waumini maskini. Kisichoweza kukosekana ni mtu mmoja anayesema waziwazi: hii ni okestra, na huyu ni mwanamuziki. Sisi tulikuwa na mfuko, tulikuwa na watu, tulikuwa na wasikilizaji nchi nzima. Tulichoshindwa ni kuongeza safu moja kwenye orodha ya mishahara.

WASIFU WA MAREHEMU

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Baba mdogo alifariki mwaka 2021. Miaka yake ya mwisho meno ya mbele yalikuwa yametoka, na mpuliza tarumbeta asiye na meno ya mbele ni sawa na fundi asiye na vidole. Usiku wa matanga wazee wa ukoo waliniita. "Wewe ndiye mwandishi wetu," wakasema, "andika wasifu wa marehemu, usomwe kesho." Nilikuwa nimewaambia wote kwamba ninaandika riwaya. Kwa hiyo nikakaa na kalamu.

Nikaandika alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyosoma. Nilipofika Dar es Salaam nikaandika habari za bendi. Mzee mmoja akanisomea begani, akasema hayo ya dansi tuyaache, mchungaji atakuwepo, na watu wasije wakamwaza marehemu kwenye vilabu. Sikubisha. Ilikuwa saa nane usiku, baridi kali, na mimi ni mtoto mbele yao. Nikaichukua ile kadi nikanakili cheo. Kesho yake mbele ya kaburi likasomwa: "Kuanzia mwaka 1979 hadi 1993 marehemu alifanya kazi ya ukarani."

Baada ya hapo vijana wa matarumbeta wa usharika wakapiga wimbo, sauti nne. Mmoja wao, mtoto wa miaka kama kumi na mitatu, alifundishwa na baba mdogo barazani petu. Alikosea mahali fulani katikati. Nikajikuta nageuza kichwa kumtazama baba mdogo, maana yeye angekunja uso. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Orodha ya mishahara ilimwita karani kwa kukosa safu. Mimi safu nilikuwa nayo, ukurasa mzima mweupe, na bado nikamwita karani.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni hili. Mwalimu alisema kweli kama unatafuta jina. Baba mdogo alisema kweli kama unatafuta kazi. Okestra ya taifa tulikuwa nayo, ilitawanywa kwenye ofisi na viwanda na makambi, na wapigaji wake wako Makambako, Morogoro, Tanga na Tabora, wanauza viazi na vocha, kama bado wako hai. Wewe msomaji, hasa wewe unayetaka kuandika kama mimi, pengine unaye mmoja nyumbani. Muulize kadi yake inasema nini, halafu muulize alikuwa anafanya nini.

Ule mdomo wa tarumbeta nilirithi mimi. Sikujifunza kupiga. Nimempa yule mtoto aliyekosea, na Jumapili hii nimemsikia, amepita pale mahali pagumu bila kuanguka.

Nami ninaomba kusahihisha wasifu. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1993, marehemu alikuwa mpiga tarumbeta.